Baba Mkwe Kwenye Foleni ya Bhoke

Bhoke alinipigia simu asubuhi moja ya Jumapili, mwaka huu, akasema bila kunisalimia, "Amekufa." Nikauliza nani. Nikasikia kuku nyuma yake na mtu akipasua kuni, halafu akasema, "Yule wa foleni yangu." Mtu ameshakufa, na bado hakulitaja jina lake. Nilijua ni nani papo hapo, na nikajiona nimekaa tena kwenye kile kiti kirefu cha duka la Mugumu, mgongo unauma, mashine inalia tii, tii, na mlangoni yanaingia mabuti meusi ya mpira yaliyokatwa shingo. Nilimuuliza kama ataenda kuzika Kenyamonta. "Niende kama nani?" akaniuliza. Nikamwambia nitakuja kwake Gorong'a. Siku iliyofuata nilitoka Mwanza kwa basi mpaka Tarime, na kutoka pale nikapanda pikipiki, na njia nzima, migomba na mihogo ikipita kando, niliuwaza ule mwaka mmoja tuliokaa pamoja. Una mambo machache sana ya kufurahisha, lakini ndio mwaka ambao nikiulizwa ni lini niliacha kuwa mtoto, nauonyesha kwa kidole.

Lilikuwa duka tu, ila lilikuwa na vikapu vya plastiki, mashine mbili za kuskani na mlinzi wa kuchana risiti mlangoni, kwa hiyo watu wa Mugumu waliliita supamaketi, na sisi tuliofanya kazi pale tulijiita makeshia tukiwa tumenyoosha shingo. Nilikuwa nimemaliza shule nikitokea Musoma mjini, sijui chochote. Kaunta ya mlangoni ilikuwa ya Bhoke, ya ndani, karibu na friji la soda, ilikuwa yangu. Palinuka sabuni ya mche na mikate ya jana. Tulivaa makoti ya bluu ambayo mifuko yake bosi mwenyewe aliifumua na kushona mahali pake, na mpaka leo nikivaa nguo isiyo na mifuko huwa nasikia kama nimeshtakiwa. Droo ikipungua jioni tuliita shoti, na shoti ilikatwa kwenye mshahara. Ikizidi ilikuwa mbaya zaidi, maana bosi aliamini pesa haizidi yenyewe, lazima kuna mteja ameibiwa. Bosi tulimwita Mama Sirari kwa sababu alikulia kule mpakani, nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya pili, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mpaka mara nyingi. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine akaniambia, "Sikia vizuri, kasichana. Kukosea kuko. Leo umepunjwa, kesho umepunja, hiyo naelewa. Lakini kuna yule anakosea kila siku upande mmoja. Huyo hakosei. Huyo ni mwizi, na mimi sitaki mchezo."

Bhoke ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amenizidi miaka michache tu lakini nilimwita dada, kwa sababu alikuwa ameolewa na kwa sababu hakuna mtu niliyemwona akihesabu noti taratibu vile, kama mtu anayechambua mchele. Alinifundisha noti ya mteja isiingie kwenye droo kabla hujampa chenji, ikae juu, nyote wawili muione, asije akasema alikupa kubwa zaidi. Alinifundisha kuogopa karatasi za bei zilizobandikwa kwenye rafu. "Mashine imeshapandishiwa bei, karatasi bado ni ya mwezi uliopita," alisema. "Mteja atakuita mwizi, na atakuwa na haki. Mtoze ile ndogo, kisha mwite bosi aibandue." Hakuwa anatoa pipi badala ya chenji, jambo ambalo duka zima lilifanya. Alikuwa na kopo la sarafu alizobadilisha mwenyewe kwa wauza nyanya, ili bibi aliyekuja kununua kiberiti aondoke na kilicho chake. Wateja walimpenda. Walipanga foleni kwake hata kwangu pakiwa wazi, na mimi nilikaa pale nikijipepea na kipande cha boksi, nikiona wivu mdogo usio na sumu.

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya kwa fundi cherehani, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, katikati kitenge kimetundikwa kwenye waya. Kwa mume wake Kenyamonta palikuwa mbali kwenda na kurudi kila siku, na mume mwenyewe, Marwa, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii, anatoka mwisho wa mwezi. Tulipikia kibarazani kwenye jiko la mkaa. Nakumbuka ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, na mtama, mweusi, unaovutika, na dagaa waliokaangwa mpaka wakalia, na mboga za majani, mgagani mchungu ambao Bhoke aliumiminia maziwa akasema sasa umekuwa chakula cha watu. Ilikuwa kwenye mlo kama huo alipoanza kunieleza maisha yake, kipande kwa kipande, akiongea na tonge mkononi. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake ndio hao hao kaka yake aliowatoa kuoa. Mke wa kaka alikuwa ameshazaa. "Kwa hiyo mimi nikiharibu Kenyamonta, nikarudishwa, ng'ombe wanadaiwa," alisema. "Na kaka hana wengine. Watu wa wifi watakuja kumchukua binti yao. Unaona? Mimi nimekaa kwenye ndoa mbili." Alicheka, akachovya tonge.

Ni jioni hiyo pia aliponiambia kwamba hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Mimi mtoto wa mjini nilidhani ananitania. "Akiingia uani, mimi natoka," alisema. "Njiani nikimwona nageukia majani mpaka apite. Chai yake naiweka kwenye kigoda, nasogea, ndipo yeye anachukua. Mkono kwa mkono, hapana."

"Na yeye je?"

"Na yeye hakanyagi nyumba yangu. Haniiti. Akitaka kitu anamwambia mama, mama ananiambia. Inatulinda wote wawili."

"Sasa unamjuaje, dada? Ukikutana naye sokoni?"

"Kwa viatu," alisema. "Mabuti ya mpira, ameyakata shingo. Na mikono yake, mikono naijua." Tukacheka mpaka fundi akagonga ukuta. Sikujua kwamba nilikuwa nacheka kitu ambacho kingekula mwaka wetu wote.

Alikuja dukani mara ya kwanza siku ya mnada wa ng'ombe, na nadhani kweli hakujua kwamba mkwe wake ameanza kazi pale. Mzee Wambura alikuwa mrefu, koti zito jua kali, kofia ya pama, fimbo kwapani. Alichukua kikapu, akazunguka, akaja kaunta ya mlangoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akakiweka. Nilimwona Bhoke akiyaona mabuti. Shingo yake iligeuka taratibu upande wa ukuta wa sigara na ikabaki huko, mikono yake ikaendelea kufanya kazi bila macho, inapapasa sukari, inapapasa sabuni, inavuta kila kitu juu ya kioo cha mashine. Mzee naye alikuwa ameangalia nje, barabarani, kama mtu anayesubiri gari. Bei ikatokea kwenye kile kioo kidogo kinachomtazama mteja. Mzee akaweka noti juu ya kaunta, akachukua mfuko, akaondoka. Bhoke hakuzigusa zile noti mpaka mzee alipompita mlinzi. Zilikuwa pungufu. Alizihesabu, akazihesabu tena, kisha akatoa za kwake kwenye kitambaa alichofunga ndani ya nguo. "Amekosea," aliniambia jioni. "Angewezaje kusimama akahesabu mbele yangu?" Na mimi nilikubali. Nitasema ukweli, niliona ni kitu kizuri, watu wawili wanaoheshimiana mpaka hawawezi kuhesabiana pesa. Nililala nikiwa nimewapenda wote wawili.

Mnada uliofuata alikuja tena, na kikapu kilikuwa kizito zaidi. Uliofuata baada ya huo alichukua mafuta ya kula ya dumu, betri za redio, unga wa ngano, soda za watoto. Kila mara ilikuwa vile vile, uso ukutani, uso barabarani, noti juu ya kaunta, na kila mara zilipungua, na kila mara zikipungua zaidi. Siku moja kaunta yangu haikuwa na mtu hata mmoja, na kwa Bhoke walikuwa wamesimama wateja kadhaa, mzee nyuma yao. Nikainuka. "Mzee shikamoo. Karibu huku, hapana mtu."

"Marahaba, binti," alisema, bila kunitazama. "Hapa panatosha."

Kijana wa pikipiki aliyekuwa mbele yake akageuka. "Mzee, hamia kule, kweupe! Au huku kuna nyama ya bure?"

"Kijana, mimi sijaja kukimbia," alisema mzee, na foleni nzima ikacheka, kicheko kizuri tu cha watu waliochoka na jua. Bhoke hakucheka. Mimi nilikaa chini. Mtu ambaye anatakiwa kumkwepa mkwe wake kuliko mtu yeyote duniani alikuwa amejipanga kwenye foleni ya mkwe wake, anasubiri zamu.

Nilimwambia Bhoke jioni hiyo, akiwa anasonga ugali. "Anafanya makusudi." Mwiko ulisimama. "Usiseme neno hilo mbele ya chakula changu," alisema. Nikamkumbusha alichosema bosi kuhusu anayekosea kila siku upande mmoja. "Najua alichosema bosi, aliniambia mimi kabla yako." Nikamwambia basi niruhusu nimweleze Mama Sirari, mimi si mtu wa kwao, mdomo wangu haufungwi na chochote. Aliipua sufuria, akakaa kwenye kindoo, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana sura ya mtu aliyezeeka. "Ukimwambia, atamwita. Akimwita, mzee atauliza nani amesema. Mimi ndiye keshia, Vero. Nitakuwa mke aliyemwita baba wa mume wake mwizi mbele za watu, na hiyo hakuna mbuzi wa tambiko wa kuisafisha. Atanirudisha Gorong'a siku hiyo hiyo, na ng'ombe nyuma yangu. Utakuwa umevunja nyumba ya kaka yangu kwa sababu ya sukari." Alinifanya niahidi. Niliahidi, mkono wangu ukiwa na dagaa.

Tulijaribu kubadilishana kaunta. Bosi alikataa. "Counter ni counter. Mkianza kuhamahama ndiyo mnapanga dili." Lakini siku moja ya mnada alidamka kwenda Tarime kuchukua mzigo, nasi tukahama haraka, mimi mlangoni, Bhoke kwenye friji. Mzee aliingia, akajaza kikapu, akaja, akaniona. Alisimama. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Kisha akageuza kikapu, akapita katikati ya rafu za biskuti, akaenda mpaka kule ndani alikokaa mkwe wake, akageukia friji kama anachagua soda, na kuweka vitu vyake. Bhoke aliponitazama kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, hakuwa na haja ya kuniambia kitu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye asingeweza kumwambia mzee huyu, "Baba, hii haitoshi," na mzee alijua mtu huyo amekaa wapi.

Mwisho wa mwezi Marwa alikuja. Nilimpenda Marwa. Alikuwa kijana wa paji la uso pana, mashavu yamebonyea kidogo, mwenye tabia ya kuinua nyusi moja kabla ya kuchekesha, na nguo zake hazikuacha kunuka vitunguu vya kambini. Alituletea siagi za vipakiti vidogo na kutuigizia Wazungu wanavyoogopa fisi. Mimi nikajilaza upande wangu wa kitenge, na upande wa pili, taa haijawashwa bado, nikamsikia Bhoke akianza kwa mbali sana, mvua, mbuzi, afya ya mama, mpaka akafika.

"Mwambie baba atumie foleni ya Vero."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu."

"Nikimwambia ataniuliza nimejuaje kwamba anatumia yako."

"Sema watu wamesema."

"Watu gani, Bhoke? Ataniuliza watu gani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Amekufanya nini?"

Nilitamani kupiga kelele kupitia kitenge. "Hajanifanya kitu," alisema Bhoke. "Hesabu tu hazikai sawa akija. Macho yangu yanakuwa kwingine."

Marwa aliinuka akaketi. Nadhani alielewa. Siku hizi, nikiwa na umri wa kujua jinsi mtoto anavyomjua baba yake, nina hakika alielewa mapema kuliko sisi wote. Nikasikia sauti ya noti. "Chukua hizi, zibia," alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi ujao nitaleta nyingine." Na hakumwambia baba yake kitu. Kulipa aliweza. Kusema hakuweza, na kati ya wale watu wote hakukuwa na hata mmoja aliyeweza.

Za Marwa hazikutosha. Mshahara wa Bhoke ulikatwa mpaka ukabaki mabaki, na Mama Sirari akaanza kusimama nyuma yake jioni akihesabu, akiguna. Kisha, wiki moja, shoti ziliisha. Nilifurahi kwa siku chache kabla sijaona sababu. Lile kopo la sarafu lilikuwa limetoweka chini ya kaunta. Bhoke alikuwa anatoa pipi. Alimpa pipi muuguzi, akampa pipi mzee wa kanisa, kwa tabasamu lile lile waliloliamini. Halafu nikaisikia mashine yake. Ukikaa karibu na mashine mwaka mzima unaisikia kama mama anavyosikia kikohozi cha mwanawe, na mashine ya Bhoke ilianza kulia tii mara mbili mahali ambapo palikuwa na sabuni moja; mteja akishatoka, ile ya pili aliifuta kwenye mashine, na pesa yake ikaziba pengo la droo. Hakumchagua mteja kwa ubaya. Aliwachagua wale waliompenda, kwa sababu wao ndio hawakusoma risiti. Jioni tulikaa kula. Nilipomtazama alisema, "Usinitazame hivyo," kisha, "Yeye anachukua kwangu. Mimi nichukue wapi?" Mgagani ulikuwa hauna maziwa. Niliumeza ulivyo.

Aliyemkamata alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti, ambaye kila Ijumaa alimletea Bhoke parachichi. Alitoka, akafika barabarani, akarudi na risiti ameishika juu kama bendera. "Bhoke mwanangu, hapa wameandika mafuta mawili. Mimi nimebeba mangapi? Hebu nihesabie, macho yangu ni mabovu." Alikuwa bado anadhani ni kosa. Bhoke angeweza kusema pole, mama, mashine imeteleza, na ingekwisha. Lakini alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na wateja wengine wakaanza kufungua mifuko yao, mmoja mmoja, wakisoma risiti zao kwa sauti. "Na mimi sabuni!" "Mimi chai, angalia, chai mbili!" Mpishi aliwatazama, akamtazama Bhoke, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Na mimi pia, mwanangu? Na parachichi zangu?"

Mama Sirari hakuita polisi. Alisema kwanza anataka kuwaona watu wake. Marwa alikuwa kambini ndani ya hifadhi, hapatikani, kwa hiyo ujumbe ulipelekwa Kenyamonta, na asubuhi iliyofuata aliyekuja kama mkubwa wa familia alikuwa Mzee Wambura. Ofisi ya bosi ilikuwa stoo iliyobanwa na magunia ya mchele, meza, na kiti kimoja cha plastiki cha wageni. Mimi niliitwa kusoma mikanda ya mashine, zile karatasi ndefu za mauzo. Bhoke aliachwa nje kwenye korido, nyuma ya makreti ya soda, kwa sababu haikuwezekana akae chumba kimoja na mzee, hilo Mama Sirari mwenyewe alilijua na kulipanga. Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Alikuwa mtulivu, na aliongea vizuri sana.

"Mama, nimekuja kwa aibu," alisema. "Huyu mtoto tulimtoa Gorong'a kwa ng'ombe wazuri. Mkono wake hatukuujua. Kwetu tangu babu hajatokea mwizi. Nakuomba, usimpeleke mbele. Mpe nafasi mzee mwenzako. Sisi tutamrudisha kwao, wazazi wake wamalizie kumlea, na ng'ombe wetu tutawafuata taratibu."

"Pole sana, mzee," alisema Mama Sirari, na alimaanisha. "Hiyo mambo inauma. Vile umekuja mwenyewe, na umri huu, mimi nakuheshimu."

Nilikuwa na mkanda wa karatasi mkononi na mdomo umejaa ahadi. Nilitazama mlangoni. Korido ilikuwa imesikia kila kitu, maana mlango ule haukuwa na bawaba ya juu, haukufungika. Kisha makreti yakagongana, na Bhoke akaingia. Bado alikuwa na koti la bluu. Alipita mbele ya meza, akasimama mbele ya kile kiti, akainua kichwa chake, na kumtazama baba mkwe wake usoni. Mzee alidhani anapita, akageukia magunia. Bhoke akasogea upande wa magunia. Mzee akageukia meza, Bhoke akasogea. Alimtazama tu, macho makavu, kama anavyotazama noti iliyowekwa juu kabla ya chenji, mpaka mzee akanyakua kofia yake akafunika uso kwa mikono miwili. "Bhoke!" Mama Sirari aliruka kutoka kitini. "Wewe, geuka! Una wazimu? Geuka!" Akaongeza kitu kwa Kikurya ambacho sikukielewa na ambacho kilimfanya mlinzi nje aseme, "Mungu wangu." Mzee aliinuka, kofia bado usoni, akapapasa ukuta, akagonga bega kwenye mlango, akatoka. Tulisikia mabuti yakipita kwenye rafu zote mpaka nje. Fimbo yake ilibaki sakafuni na hakuna aliyeigusa.

Mama Sirari alikaa. Alikuwa mtu wa kule, na alichokuwa amekiona alikisoma haraka kuliko mikanda yangu. "Ni yeye," alisema, na halikuwa swali. "Mke wa kwetu haangalii baba mkwe hivi bure, na vile amekimbia, nimeelewa. Miezi yote hii ni yeye." Nilishusha pumzi. Nilidhani yameisha, nilidhani sasa atamkalisha Bhoke na kumpa maji. "Lakini ile mafuta ya mama wa shule," akaendelea taratibu, "ni yeye aliskani mara mbili?"

"Ni mimi," alisema Bhoke.

"Basi." Bosi alifuta uso kwa khanga. Alikuwa karibu kulia, naapa. "Na keshia ambaye anaweza kumwangalia baba wa mume wake macho kwa macho, mimi ataniogopa na nini? Weka koti hapo." Bhoke alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia. Jioni ile nilimsaidia kufungasha. Kitenge cha katikati aliniachia.

Nilihama Mugumu mwaka ule ule ulipoisha, na habari zake nilizipata kwa vipande. Alikuwa Gorong'a. Kaka yake alikuwa bado na mke wake, na ng'ombe hawakudaiwa hata mmoja, jambo lililowashangaza wengi ila si mimi. Kuwadai, Mzee Wambura angelazimika kukaa mbele ya wazee wenzake, na wao wangeuliza mwanamke alifanya nini, na akisema kwamba alimtazama, wangeuliza kwa nini mtoto mwenye adabu vile alifanya jambo kama hilo. Alinyamaza ng'ombe wake wakabaki. Miaka yote hii nimeamini kwamba hayo yalikuwa mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka, kwamba yeye aliacha ng'ombe na Bhoke akaacha nyumba. Niliamini alifukuzwa. Nilimsimulia hivyo kila mtu niliyewahi kumsimulia.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachuja maziwa. Amenenepa, nywele za pembeni zimeota mvi. Tulikumbatiana tukiwa na ndoo katikati. Wana wa kaka yake walinipokea begi, wifi yake alikuwa anagonganisha sufuria jikoni, akaniwekea ugali na maziwa mgando kwenye bakuli la kina, na kwa muda tuliongea habari za bei ya maziwa na magoti. Ni yeye aliyeanza. "Leo wanazika," alisema. "Marwa atakuwa anapokea watu." Nikamuuliza kile nilichokuja kuuliza, alimfukuzaje, kwa mdomo wa nani.

"Nani?"

"Mzee. Alipokufukuza."

"Hakunifukuza mtu," alisema Bhoke. Alisogeza kibuyu, akakiegemeza vizuri ukutani. "Marwa alikuja hapa kunichukua. Alikuja zaidi ya mara moja. Alishapanga nyumba Mugumu, mbali na kwao, alisema nisikanyage tena Kenyamonta kama sitaki. Alikuwa mtu mzuri, unamjua."

"Sasa?"

Jikoni wifi yake alimwita mtoto, mtoto akaitika. "Vero, mimi nilikuwa sijawahi kumwona yule mzee," alisema. "Kwenye ndoa yote. Viatu na mikono. Siku ile nikainua macho ili anione ninajua, na aliyekuwa amekaa pale ni Marwa. Paji lile lile, mashavu, mpaka ile nyusi. Marwa amezeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ananiombea msamaha kwa wizi wake." Alifuta mkono kwenye sketi. "Alipokuja kunichukua nilitoka vizuri kabisa kumpokea. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Akasema, Bhoke, twende. Na mimi nikajikuta nimegeukia majani."